Presha ya oili inaposoma nusu: kabla hujafungua injini ya 944

Swali la msomaji: "Nina Porsche 944 ya mwaka 1986, injini ya lita 2.5 isiyo na tabo. Asubuhi injini ikiwa baridi mshale wa presha ya oili unapanda hadi kama baa 2.5 na kugoma hapo. Injini ikishika moto, kwenye sailensa (inaponguruma bila kukanyagwa) mshale unalala kwenye 0.5, na nikiendesha kwa raundi 4,000 unafika 2 tu. Mara nyingine gari likipita kwenye shimo mshale unaruka ghafla hadi 5, unakaa kidogo, kisha unarudi ulikokuwa. Taa nyekundu ya oili haijawahi kuwaka nikiwa njiani. Aliyeniuzia alisema sensa ya oili ni mpya. Fundi wangu ameangalia geji akasema beringi zimekwisha na injini lazima ishushwe. Nifanyeje?"

Injini isishushwe bado, ndugu yangu, na gari lisiendeshwe bado. Naomba uyashike yote mawili. Fundi wako ana sababu ya kuogopa: kwenye 944 beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki), hasa ya silinda ya pili, zimeua injini nyingi, na anayezifahamu gari hizi hachezi na presha ya oili. Tatizo ni kwamba amehukumu kwa kutazama geji ya dashibodi, na geji ile haigusi oili hata tone. Inachosoma ni umeme uliopita kwenye sensa, ukafuata waya, ukapita soketi zilizokaa karibu miaka 40 kwenye joto na mafuta, hadi kwenye paneli yenye erthi yake. Popote pale kwenye njia hiyo pakiharibika, mshale utakupa namba ambayo injini haikuitoa.

Tuanze na namba zako zenyewe, maana zina mengi ya kusema.

Jambo la kwanza lililonishtua si ile 0.5 ya sailensa. Ni ile 2.5 ya asubuhi. Oili baridi ni nzito, na pampu inaposukuma oili nzito kwenye nafasi ndogo za beringi presha hupanda sana. Kwenye 944 nzima, dakika za kwanza za asubuhi mshale hukaa karibu na mwisho wa geji, kwenye 5 au pungufu kidogo. Sasa beringi zilizolika zina tabia moja inayojulikana: hujificha oili ikiwa baridi. Nafasi imepanuka, ndiyo, lakini oili nzito haitoki upesi, kwa hiyo asubuhi presha inaonekana nzuri, kisha inaporomoka injini ikishika moto. Lako haliporomoki kutoka juu. Linaanza chini tangu asubuhi. Hilo pekee linanifanya nisikubali kwamba beringi ndiyo jibu la kwanza.

Jambo la pili: zidisha kila namba yako mara mbili. Asubuhi 5. Moto, sailensa, 1. Moto, raundi 4,000, 4. Hizo ni presha za 944 yenye afya, karibu na zile ambazo ningetarajia kama ungenipa gari lisilo na lawama. Geji inayosoma nusu ya ukweli kwa mpangilio namna hiyo, ikiandamana na habari kwamba sensa ilibadilishwa na mtu mwingine, ina maelezo ya kawaida sana. Nitayafikia.

Lakini kuna maelezo mengine yanayotoa picha inayofanana: valvu ya kupunguza presha, ile inayoachia oili presha ikizidi, iliyokwama ikiwa wazi. Hiyo nayo hushusha presha tangu asubuhi, na hiyo ni hatari ya kweli. Ndiyo maana nimesema usiendeshe. Kwa macho tu, mimi na wewe hatuwezi kuzitofautisha hizi mbili.

Jambo la tatu ni ule mruko. Presha ya oili inaweza kushuka haraka, kwa mfano kwenye kona ndefu oili inapokimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na bomba la kufyonza likabaki na hewa. Lakini haiwezi kuruka kutoka 2 hadi 5 kwa sababu tairi limeingia kwenye shimo. Kinachoruka hivyo ni umeme, na upande ulioruka unatuambia ni kosa la aina gani.

Geji na sensa za 944 ni za kampuni ya VDO, na katika mfumo wao ukinzani wa sensa (jinsi inavyouzuia umeme, hupimwa kwa omu) hupanda presha ikipanda. Presha ikiwa sifuri, sensa ina takriban omu 10. Presha ikifika mwisho wa kipimo, inakuwa na takriban omu 180. Ndani kuna kiwambo chembamba cha chuma kinachosukumwa na oili, nacho kinasogeza kijimkono kinachotambaa juu ya waya wa ukinzani. Basi fikiria waya unaotoka kwenye sensa ukikatika kwa sekunde moja: ukinzani unakuwa mkubwa kupita kiasi, na geji inatafsiri hivyo kama presha ya juu kabisa. Mshale unakwenda 5. Waya huohuo ukichubuka na kugusa bodi, ukinzani unakuwa sifuri, na mshale unalala chini kabisa. Wako unaruka juu, kwa hiyo unatafuta muunganisho uliolegea au uliokatika, si waya unaogusa bodi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu na linanisumbua kila ninapoona gari la namna hii likiuzwa. Kutu kwenye soketi, au erthi dhaifu kati ya injini na bodi, huongeza ukinzani. Katika mfumo huu kuongeza ukinzani ni kupandisha mshale. Kwa maneno mengine, waya mbovu kwenye 944 huisifia injini. Gari linaweza kuwa na presha ya 1.5 na geji ikakuonyesha 2.5 ya kupendeza. Kwa hiyo tukishamaliza kutengeneza waya wako, usishangae mshale ukikaa chini kidogo kuliko sasa, na usiache kutengeneza kwa sababu ya hofu hiyo.

Anza kazi injini ikiwa imezimwa na imepoa. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha tazama vitu viwili. Taa nyekundu ya oili lazima iwake. Ulisema haijawahi kuwaka ukiwa njiani, lakini hukusema kama huwa inawaka kabla ya kuwasha injini. Kama haiwaki hata hapo, balbu au waya wake umekufa, na ushahidi wa taa tunautupa wote. Na hata ikiwa nzima, usiipe taa hiyo imani kubwa: huzimika presha ikiwa bado chini ya baa 1. Inakuambia kwamba kuna presha fulani, haikuambii kwamba inatosha kwa raundi 4,000. Kitu cha pili ni mshale. Injini ikiwa imezimwa unapaswa kulala kwenye sifuri. Ukisimama kwenye 1 au zaidi, ama sensa imeshindwa kurudi chini, ama kuna ukinzani wa ziada njiani.

Ukiwa hapo washa taa kubwa, indiketa na feni ya ndani. Mshale wa oili ukicheza kila indiketa inapowaka, au geji ya joto na ya mafuta zikisogea pamoja nao, erthi ya paneli ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Isafishe kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa ingia chini ya boneti utafute sensa. Ni kikopo cha chuma kilichofungwa upande wa filta ya oili, na kimekaa karibu na joto la ekzosi, kwa hiyo injini lazima iwe imepoa kweli. Juu yake kuna miguu miwili. Mmoja umeandikwa G, huo ni wa geji. Mwingine umeandikwa WK, huo ni wa taa. Nyaya zikibadilishana nafasi, geji hulala sifuri injini ikiwa imezimwa na kuruka hadi 5 pale tu injini inapowaka, kisha haisogei tena. Si dalili yako, lakini hakikisha, maana mtu aliyebadilisha sensa huenda alifanya kazi hiyo gizani.

Vuta klipu ya mguu wa G taratibu na uitazame kwa tochi. Ninachotarajia kuona kwako ni klipu iliyopanuka isiyouma tena mguu wa sensa, au waya uliobaki na nyuzi mbili tatu pale unapoingia kwenye klipu, ngozi yake imekuwa ngumu kama biskuti na inapasuka ukiipinda. Hapo ndipo mruko wako unapotoka. Angalia pia kama kuna oili juu ya kikopo, kuzunguka miguu. Oili ikionekana upande huo, kiwambo kimetoboka na sensa hiyo imekwisha, hata kama bado inatoa namba.

Kisha chukua kioo kidogo, futa kikopo vizuri, usome kilichogongwa kwenye chuma. Sensa za VDO huandikwa kipimo chake. Yako inapaswa kusema baa 5, kwa sababu geji yako inaishia 5. Ukikuta imeandikwa baa 10, umeshapata sehemu kubwa ya jibu.

Maelezo yake ni haya. Sensa ya baa 10 na ya baa 5 zinafanana kwa umbo, miguu ni ileile, na zote huanzia takriban omu 10 na kuishia takriban omu 180. Tofauti ni kwamba ya baa 5 inafika omu 180 kwenye baa 5, na ya baa 10 inafika huko kwenye baa 10. Kwa hiyo injini ikitoa presha ya baa 4, sensa ya baa 10 inatoa omu chini kidogo ya 90. Geji yako, ambayo imezaliwa ikijua lugha ya sensa ya baa 5, inaona omu hizo na kusoma 2 na ushei. Nusu ya ukweli, asubuhi na jioni, kwenye sailensa na kwenye mwendo. Muuzaji alisema kweli kwamba sensa ni mpya. Mpya na sahihi ni vitu viwili, na injini nzuri zimefunguliwa kwa tofauti hiyo. Inaniuma kwa sababu kusoma maandishi kwenye kikopo ni kazi ya dakika chache.

Kabla ya kuilaumu sensa peke yake, jaribu geji. Hili halihitaji injini kuwaka. Waya wa G ukiwa umechomolewa na haugusi kitu, swichi ikiwa wazi, mshale uende mwisho. Gusisha waya kwenye erthi safi, mshale ushuke sifuri. Hayo yanathibitisha kwamba waya unapitisha na geji inasogea, lakini hayasemi kama inasoma sawasawa katikati. Kwa hilo nunua resista za nusu wati, za omu 82, 150 na 180. Unganisha moja moja kati ya waya wa G na erthi. Omu 82 ikupe karibu na 2, omu 150 karibu na 4, omu 180 karibu na 5. Tofauti ya unene wa mshale usiijali. Ikiwa zote tatu zinasoma juu kwa kiasi kinacholingana, kuna ukinzani njiani au erthi ya paneli ni dhaifu. Ikiwa ni moja tu inayopotea na nyingine ziko sawa, geji yenyewe ina kasoro, jambo ambalo kwa VDO silioni mara nyingi.

Chukua maltimita upime sensa pia, injini ikiwa imezimwa: mguu wa G hadi kwenye kikopo chenyewe, kisha mguu wa G hadi kwenye ncha hasi ya betri. Vipimo viwili hivyo vinapaswa kulingana, karibu na omu 10. Cha pili kikizidi kwa omu kadhaa, erthi ya injini haiko sawa. Tazama mkanda wa erthi unaounganisha injini na bodi, na tazama kama aliyefunga sensa alizungushia uzi wake utepe mweupe wa mabomba. Sensa hii hupata erthi kupitia uzi wake. Utepe mwingi unaweza kuitenga na injini, na vipande vyake vikikatika huingia kwenye njia ya oili. Inayotakiwa ni washa yake ya kuzibia, basi.

Yote hayo ni maandalizi. Hukumu inatolewa na geji ya mkono, ile ya fundi yenye bomba inayofungwa moja kwa moja kwenye tundu la sensa na kusukumwa na oili yenyewe. Hakuna umeme ndani yake. Kama fundi wako hana, azima au nunua, kwa sababu bila hiyo kila mtu anabahatisha, mimi nikiwemo. Iwe na kipimo cha kufika angalau baa 7, ili oili baridi isiipige ukutani.

Ondoa sensa kwa spana inayoshika sehemu yake ya pembe sita, kamwe usiishike kwenye kikopo. Mahali inapofungwa ni alumini, na uzi wa alumini ukikatwa ni hasara ya siku nyingi. Kwa hiyo adapta uianze kwa vidole. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, itoe uilinganishe na sensa uzi kwa uzi. Bomba la geji ulipitishe mbali na ekzosi na mbali na mikanda, ulifunge lisicheze, na geji uilaze mahali unapoiona ukiwa umesimama pembeni. Bomba likichomoka injini ikiunguruma, oili hiyo itatoka kwa nguvu na kuangukia chuma cha moto. Kizima moto kiwe karibu, na mtu mwingine awe kwenye swichi.

Angalia kijiti cha oili kwanza. Iwe kati ya alama mbili. Ikipungua pampu hufyonza hewa, na ikizidi krenki huipiga ikawa povu, na povu halishiki presha. Nusa kijiti: harufu kali ya petroli maana yake oili imechanganyika na mafuta na imekuwa nyepesi. Kama hujui ndani kuna oili gani, badilisha sasa hivi, oili na filta, ndipo upime. Kwa 944 yenye umri huu, 20W-50 nzuri ni chaguo ambalo halijanipa majuto. Kupima presha kwenye oili ya 5W-30 iliyowekwa na mtu wa awali ni kujitafutia kesi isiyokuwepo.

Washa injini ikiwa baridi. Usikanyage. Macho yote kwenye geji ya mkono. Ndani ya sekunde chache ipande, na kwenye oili baridi nategemea kuiona kati ya baa 4 na 5 au zaidi kidogo. Ikisimama kwenye 2.5 kama ile ya dashibodi, zima palepale. Presha yako ni ya chini kweli, na tutaongea kuhusu valvu. Ikifika 4 na zaidi, endelea.

Ipashe injini moto hapohapo ilipo, ukiishikilia kwenye raundi 2,000 kwa vipindi. Usidanganywe na geji ya maji. Maji hupata moto mapema, oili huchelewa sana, na presha iliyopimwa oili ikiwa vuguvugu itakupa furaha ya uongo. Nusu saa si nyingi. Kisha andika namba za geji ya mkono kwenye sailensa, kwenye raundi 2,000, 3,000 na 4,000. Sailensa yenyewe ihakikishe: ikiwa injini inazunguka 600 badala ya 800 na zaidi, presha itakuwa chini bila kosa la oili.

Namba za moto ninazoweza kulala nazo usingizi ni hizi: baa 1 au zaidi kwenye sailensa, na karibu baa 4 kwenye raundi 4,000 kwenda juu. Kuna kanuni ya zamani ya mafundi wa magari ya mbio, kwamba kila raundi 1,000 idai takriban baa 0.7. Kwa raundi 4,000 hiyo ni baa 2.8. Naiona kama sakafu. Kwa 944 usiifanye lengo, kwa sababu injini nzima ya aina hii hufanya vizuri zaidi ya hapo.

Ukipata namba nzuri, sensa ndiyo mwongo. Nunua ya baa 5 yenye miguu miwili, tengeneza waya na klipu, na dashibodi itasema sawa na geji ya mkono. Lakini usikubali hadi uone: andika namba mpya za dashibodi moto na baridi, ulinganishe na zile ulizoandika.

Ukipata namba mbaya, bado si zamu ya kushusha injini. Soma jinsi zilivyo mbaya. Chini kila mahali, baridi na moto, inaelekeza kwenye valvu ya kupunguza presha, kwenye pampu, au kwenye bomba la kufyonza. Nzuri kwenye sailensa lakini inayokataa kupanda raundi zikipanda inaelekeza kwenye springi ya valvu iliyochoka, au kwenye bomba la kufyonza lililoziba au kupasuka. Nzuri baridi na kuporomoka moto, hapo ndipo naanza kuongea lugha ya fundi wako.

Valvu ndiyo ya kwanza kwa sababu kwenye 944 hutolewa kutoka nje, sampu ikiwa mahali pake. Za miaka ya mwanzo zilikuwa za vipande vitatu, za baadaye zikawa kipande kimoja. Itoe, itazame chini ya mwanga mkali: mikwaruzo inayofuata urefu wake, kipande cha chuma kilichobanwa, au alama inayong'aa upande mmoja tu. Hiyo ya upande mmoja izingatie sana. Tundu la valvu linapita kwenye nyumba ya kipoza oili na kwenye bloki, na kama mtu aliwahi kutoa nyumba hiyo kubadilisha sili kisha akaifunga bila kifaa cha kuilinganisha, matundu mawili hayakai mstari mmoja na valvu inakwama. Kwa hiyo ulizia kama sili za kipoza oili ziliwahi kubadilishwa. Dalili za sili zenyewe kuchoka ni oili inayoelea kwenye tangi la maji ya radieta, hivyo tazama na hapo.

Wakati huohuo kata filta ya zamani. Kata kopo lake kwa kifaa cha kukatia, usitumie msumeno kwa sababu unga wake utakuchanganya. Nyoosha karatasi yake juu ya gazeti. Vumbi jeusi laini ni la kawaida. Chembe za kijivu zinazometa ambazo sumaku haizivuti ni tabaka la juu la beringi. Chembe za rangi ya shaba ni tabaka la chini yake, na zikionekana hizo, sitakuambia tena usubiri. Chembe zinazovutwa na sumaku ni chuma, na hizo unazitafutia chanzo kwingine, kuanzia kwenye pampu.

Na hata ikifika kwenye beringi, mwambie fundi kwamba kwenye gari hili beringi za konrodi hufikiwa kwa kushusha sampu, injini ikiwa imening'inizwa kutoka juu na kiunzi cha mbele kikiwa kimeshushwa. Ni kazi ngumu, lakini ni ndogo kuliko ile aliyokutajia. Aanze na silinda ya pili. Sampu ikiwa chini, akague bomba la kufyonza kwenye maungio yake kama lina ufa, kwa sababu ufa mdogo pale hufyonza hewa na hauonekani kwa namna nyingine yoyote.

Neno la haraka kwa wenye magari mengine watakaosoma hapa, maana ukifuata hatua hizi kwenye mfumo tofauti utapotea. Magari mengi ya Marekani hutumia sensa za kinyume, ukinzani ukishuka presha ikipanda, karibu omu 240 chini na 33 juu. Kwa hizo waya uliokatika hulaza mshale sifuri, na waya unaogusa bodi huupeleka juu. Mazda MX-5 za kwanza zina geji ya kweli, lakini kuanzia toleo la 1995 mshale wake ni taa iliyovaa sura ya geji: ukipata presha kidogo unasimama katikati na haukuambii zaidi. Na magari ya Uingereza ya zamani yenye bomba jembamba linaloleta oili hadi kwenye dashibodi hayana sensa ya kulaumu, ila bomba hilo likizibwa na uchafu mshale hupanda na kushuka kwa uvivu.

Kwako wewe, anza kesho na tochi na kioo. Soma kilichoandikwa kwenye kikopo cha sensa, kisha niletee namba tatu za geji ya mkono: baridi kwenye sailensa, moto kwenye sailensa, na moto kwenye raundi 4,000. Ukirudisha sensa kwenye tundu lake na kuongeza omu zake kwenye raundi hizohizo 4,000 za moto, nitakuwa na kila ninachohitaji: kwenye baa 4 halisi, omu karibu na 150 ni sensa sahihi ya baa 5, omu karibu na 90 ni ya baa 10.